Kufuli Lililobaki Ukutani

Kwenye kiwanda kile cha mikate, kila mwanafunzi aliyeletwa na chuo cha ufundi aliitwa Madaftari. Hakuna aliyejisumbua kushika jina la mtu ambaye muhula huu mko naye, anabeba spana na kupokea mshahara mwisho wa mwezi kama ninyi, na muhula unaofuata yuko darasani anakodolea ubao macho. Walikuja, wakazoeleka, wakaondoka, wakarudi wamenenepa kwa uvivu au wamekonda kwa mitihani. "Madaftari karudi!" watu walipiga kelele, na kazi ikaendelea.

Kwa hiyo binti yule alipoingia chumba cha kukandia unga kwa mara ya kwanza, ovaroli lake bado linanukia duka, naye akaitwa Madaftari. Hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyeita ni Mama Hamira, mwanamke mnene mwenye kicheko kirefu, aliyekuwa akiendesha mashine za kukandia tangu kiwanda kikiwa na chumba kimoja. Aliita, kisha akamtazama usoni vizuri. Akaliona lile paji la uso, akaziona zile nyusi zinazokaribia kugusana, na kicheko kikamkaukia mdomoni.

"Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

Mama Hamira akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa mikono ilikuwa mikavu. "Karibu, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Karibu sana." Akageuka, akaenda kupima chumvi aliyokwisha kuipima.

Madaftari wa kabla yake alikuwa kaka yake. Chuo kilekile, mpango uleule: muhula wa darasani, muhula wa kazini. Na ni ndani ya chumba kile kile, kati ya dirisha na magunia, mashine kubwa ya kukandia ilimshika kaka yake mikono ikiwa ndani ya gia zake. Alifia njiani kuelekea hospitali.

Maelezo yaliyoletwa nyumbani yalikuwa mafupi. Kila anayetengeneza mashine kiwandani hupewa kufuli lake jekundu, lenye ufunguo mmoja usio na mwenzake. Kabla ya kugusa chochote huzima swichi ya mashine ile ukutani, hupitisha kufuli kwenye tundu la swichi, hulifunga, kisha ufunguo huuvaa shingoni. Kufuli likiwepo, hakuna wa kuwasha. Kaka yake alilipitisha kufuli kwenye swichi ya mashine ndogo, kisha akaenda kuingiza mikono kwenye kubwa. Kijana alijichanganya. Kijana alijisahau.

Neno hilo, alijisahau, liliingia nyumbani kwao siku ya msiba na halikutoka tena na waombolezaji. Mama yao, mshona sare za shule, alilisikia kwenye mlio wa cherehani. Akimkuta binti ameacha sufuria jikoni inaungua, alifungua mdomo aseme usijisahau, akaufunga. Binti akaijua ile sentensi isiyosemwa, akawa anazima jiko mapema, chakula kikaliwa hakijaiva vizuri, na wote wawili wakakitafuna bila kulalamika.

Hospitali ilikuwa imempa mama nguo za mwanawe ndani ya mfuko. Pamoja nazo ulikuwemo ufunguo mdogo, shingo fupi, kofia ya plastiki nyekundu, umefungwa kwenye kamba ya kuvaa shingoni. Hakuna aliyemwambia ni wa nini, naye hakujua kuuliza. Aliujaribu kwenye sanduku la marehemu. Haukuingia. Akaujaribu kwenye kabati, kwenye mlango wa uani, hata kwenye baiskeli ya jirani. Mwishoni akaanza kuwaza mambo. Pengine alikuwa amepanga chumba mahali. Pengine kuna msichana wa watu ana kasha lake na anaona haya kuja. "Mwanangu alikuwa na kitu amekifunga mahali," alimwambia binti siku moja, macho kwenye sindano. "Na mimi ndiye niliyebaki na ufunguo."

Ndiyo maana Madaftari, siku aliyokabidhiwa kufuli lake kiwandani, alilazimika kuketi juu ya ndoo. Alikuwa ameushika mkononi ufunguo wenye shingo fupi na kofia nyekundu, kama ule wa nyumbani. Akainua macho ukutani. Swichi zilikuwa mbili, ya kulia na ya kushoto, kila moja na mpini wake wa chuma. Kwenye ya kushoto, kwenye mpini ulioteremshwa, lilining'inia kufuli jekundu lililopauka, unga umegandana kwenye maungio yake kama ukurutu. Upande huohuo, mashine ndogo ilikaa kimya, imefunikwa shuka.

"Bado lipo?" aliuliza.

"Kufuli la mtu haliguswi," alisema msimamizi wa chumba, mzee mwembamba aliyependa kusimama mlangoni badala ya kuingia. "Ndiyo sheria."

"Hata akifa?"

Msimamizi alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo, akaivaa. "Mikate midogo tunakandia kwenye hiyo kubwa," akasema. "Inatosha."

Jioni hiyo Madaftari hakumwambia mama yake. Angemwambia nini? Kwamba kasha la siri halipo, wala chumba, wala msichana wa watu? Kwamba ule ufunguo anaoulalia chini ya mto unafungua kosa la mwanawe, lililotundikwa ukutani mchana kweupe? Akauliza tu sare ngapi zimebaki. Mama akamwambia.

Kazi ina namna yake ya kumzoesha mtu hata kwa jambo lisilozoeleka. Alijifunza kujua kwa mlio kama ukanda wa mashine umelegea, alijifunza kukung'uta unga kwenye nyusi kabla ya kutoka nje asije akachekwa barabarani. Alijifunza pia desturi moja ambayo hakuifundishwa chuoni. Katika chumba kile hakuna aliyebonyeza kitufe kimyakimya. Aliyetaka kuwasha aliita kwa nguvu, "Nawasha!" Kisha akangoja mpaka mtu mwingine aitikie, "Washa!" Bila itikio, hakuna kuwasha, hata kama umebaki peke yako na unga unaanza kuchacha.

"Nani aliyeanzisha?" alimuuliza Mama Hamira.

"Mimi."

"Lini?"

Mama Hamira alikuwa akipangusa beseni la mashine kubwa, mkono wote umezama. Hakuutoa. "Usinitese, mwanangu. Unajua lini." Akapangusa tena mahali palipokwisha takata. "Nilitoka kula. Niliangalia ukutani kwanza. Naapa niliangalia. Nikaona kufuli liko kwenye swichi ya ndogo, nikajua kijana yuko kwenye ndogo. Mlango wa nyuma wa hii kubwa hauonekani ukiwa mbele. Nikabonyeza."

Madaftari alishika kitambaa, akaanza kupangusa upande wa pili. Walifanya hivyo mpaka beseni likang'aa, bila kutazamana. Kesho yake Mama Hamira alipiga kelele kama kawaida. "Madaftari! Umeshindwa hata kuchana nywele, chuoni mnafundishwa na panya?" Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote, na Madaftari akaelewa kicheko kile kirefu kilikuwa kinafunika nini.

Mara nyingine, katikati ya wito na itikio, kilipita kimya. Kidogo sana, cha kupumua mara moja. Lakini Madaftari alikisikia kila mara, na kila mara alihisi kuna mtu wa tatu ndani ya kimya hicho ambaye naye anataka kuitikia.

Kisha muhula ukageuka, akarudi darasani. Mwalimu wa umeme, mtu wa kukohoakohoa na mwenye suruali fupi, aliwapa kazi ya kwenda nayo viwandani: kila mmoja achore njia ya umeme ya chumba kimoja anachofanyia kazi, kutoka swichi mpaka mashine.

"Msiulize watu," alisema. "Msisome vibao. Fuateni bomba la nyaya kwa jicho na kwa mkono. Watu watawaambia ilivyokuwa walipoingia wao."

"Na bomba likipita kwenye dari, mwalimu?"

"Ngazi hujawahi kuiona?"

Aliporudi kiwandani ("Madaftari karudi! Kakonda, jamani, mpeni mkate!") alichagua chumba cha kukandia. Alijiambia ni kwa sababu anakijua. Alasiri moja, mashine zikiwa zimezimwa kwa usafi, alipanda ngazi na kufuata bomba la swichi ya kushoto, lile lenye kufuli. Lilipanda ukutani likiwa limepakwa rangi kuukuu, tabaka juu ya tabaka. Karibu na dari likakata kona, bado na rangi ileile. Juu ya mashine ndogo tu rangi ilikatika, na kipande cha mwisho, kipya, cha plastiki ya kijivu, kikashukia mashine hiyo. Bomba la swichi ya kulia nalo lilikwenda na rangi yake kuukuu mpaka dirishani, likamalizikia kwa kipande kipya kwenye kubwa. Mabomba hayakuwa yamehamishwa, ncha zake tu zilibadilishwa.

Alibaki juu ya ngazi. Kwa nini fundi aunge upya ncha tu za mabomba, kama mashine zilikaa hapa tangu mwanzo? Akatazama sakafu kutoka pale juu, kama hajawahi kuitazama. Pembeni mwa mashine ndogo, kando ya magunia, zilichomoza ncha za skrubu nene zilizokatwa, zimepangika katika umbo la mguu wa mashine kubwa. Umbo la mguu wa kubwa, mahali ambapo kubwa haipo.

"Mama Hamira," aliita, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Hizi mashine zilikaa hivi tangu zamani?"

"Aa, hapana. Kubwa ilikuwa huku, ndogo kule dirishani. Sakafu ilipobomoka wakazipishanisha. Fundi umeme akaunga kwa haraka, oda zilikuwa nyingi. Ukuta ukapakwa rangi, na majina ya swichi yakaenda na rangi. Sisi tukazoea tu, ya kushoto sasa ni ndogo, ya kulia ni kubwa. Msimamizi alisema ataandika upya."

"Ilikuwa lini?"

"Ule muhula kaka yako alipokuwa chuo..."

Mama Hamira hakuimaliza. Aliweka chini ndoo aliyokuwa ameibeba, taratibu, kama imejaa mayai. Akatazama ukuta. Akatazama kufuli.

"Yeye aliondoka ya kushoto ikiwa ya kubwa," alisema Madaftari kutoka juu.

"Ndiyo."

"Akarudi. Nani alimwambia?"

Mama Hamira hakuondoa macho kwenye kufuli. "Mimi nilijua msimamizi amemwambia. Mtu wa oveni naye atakuwa alijua mimi nimemwambia." Akajishika kichwa kwa mikono yote, unga ukabaki kwenye kilemba. "Mwanangu, kijana alifunga. Alifunga kubwa yake. Sisi ndio tuliozihamisha."

Hata hivyo haikuwa imekwisha, na Madaftari alilijua hilo aliposhuka ngazi. Chuoni walifundishwa wote, yeye na kaka yake, kwamba ukishafunga ujaribu kwanza kubonyeza kitufe, uone kama mashine imekufa kweli. Kaka yake hakujaribu. Aliiamini ile swichi kama mtu anavyoamini mlango wa chumba chake gizani. Hilo lilikuwa lake, na lingebaki lake. Lakini kujisahau? Hapana. Asubuhi ile alikumbuka kila kitu sawasawa. Ni chumba kilichokuwa kimebadilika.

Alimkuta msimamizi kwenye kiofisi chake chenye kioo. Hakuketi.

"Uliandika lini majina ya swichi?"

Mzee aliweka kalamu chini. Hakuuliza swichi zipi.

"Sijaandika," alisema. "Mpaka leo nikishika brashi, naiweka chini. Nilijua siku ileile, binti. Niliingia, nikaona kufuli lilipo, nikajua amefunga kwa alivyokumbuka. Wakaja wakubwa wa ofisini, wakaniuliza, kwa nini kufuli liko kwenye ndogo? Nikasema, labda alijisahau. Nilisema labda. Wao wakaiondoa labda."

"Na wewe ukaiacha iondoke."

"Nikaiacha."

"Na kufuli?"

"Wamenituma nilikate mara nyingi. Wanataka mashine yao. Siwezi." Alishika kofia. "Sasa unataka nini? Ripoti yako ya mafunzo inapita mikononi mwangu. Sisemi kwa kukutisha. Nasema ujue, ukilipeleka hili juu, watakaotoka hapa watakuwa wengi, na wewe ukiwemo. Chuo hakitapata pengine pa kukuweka katikati ya mwaka."

Aliona miaka ya masomo ikimponyoka, aliona cherehani ya mama ikizunguka mpaka uzeeni.

"Nataka umwambie mama yangu," alisema. "Kwa mdomo wako. Palepale ukutani. Juu nitapeleka mchoro wangu kama kazi ya chuo inavyotaka, mabomba yalivyo na skrubu zilipokatwa. Wanaojua kusoma watasoma."

Jioni alimwambia mama yake jambo moja tu: "Najua ufunguo wako ni wa wapi." Mama hakuuliza. Alikata uzi kwa meno, akaikunja sare aliyokuwa hajaimaliza, akaenda kutafuta gauni la kutokea.

Alikuja kiwandani wakati wa usafi, mashine zikiwa kimya, ufunguo umevaliwa shingoni kwa ile kamba yake. Msimamizi alivua kofia. Safari hii aliingia mpaka katikati ya chumba, akasema yote: sakafu, mashine, rangi, labda. Hakujificha nyuma ya neno hata moja. Mama alisikiliza akiwa ameliangalia kufuli, si yeye.

"Asubuhi ile alipofika," mama alisema, "alikusalimu?"

"Alinisalimu, mama."

"Ukamwitikia?"

"Nikamwitikia. Nikamwambia gia ya kubwa inalia, akaiangalie."

"Ukamwitikia," mama alirudia. "Mdomo ulikuwa wazi, wala hukumwambia swichi zimebadilika."

Mzee akasogea kando kumpisha. Mama akasogea ukutani. Ufunguo uliingia, ukagoma kuzunguka, unga ulikuwa umegeuka saruji humo ndani. Mmoja wa wachomaji wa oveni akanyoosha mkono kusaidia, Mama Hamira akaupiga kofi. "Mwache mwenyewe." Akaleta mafuta ya kupaka mabati ya mikate, akadondosha kwenye tundu kwa ncha ya kidole, na kidole chake kikagusa mkono wa mama, kikabaki pale kidogo.

"Ni mimi niliyebonyeza," Mama Hamira alisema.

"Najua," mama alisema, bila ukali wala faraja. "Uliangalia ukutani kwanza. Binti ameniambia njiani tukija."

Kufuli likaachia kwa mlio mdogo mkavu. Mama alilipima kwenye kiganja, akalinusa, akalifunga ndani ya kanga. "Basi alifunga," alisema, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

Swichi ya kushoto ikabaki tupu. Watu walisimama kuizunguka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Msimamizi alikuwa amegeukia dirishani. Madaftari ndiye aliyevuta shuka kutoka kwenye mashine ndogo. Alizunguka nyuma, akachungulia, akainama akatazama chini yake, akarudi ukutani na kuinua mpini. Akasimama mbele ya kitufe.

"Nawasha!"

Hakuna aliyeitikia. Mama Hamira alifungua mdomo, machozi yakamziba. Wengine walitazama viatu. Kile kimya alichokuwa akikisikia siku zote kikaja, na safari hii hakikupita. Kilikaa, kikapanuka, mpaka Madaftari akahisi kuna mtu amesimama nyuma ya bega lake, ananukia sabuni ya nyumbani kwao.

"Washa, mwanangu," alisema mama yake, ambaye hakuna aliyemfundisha desturi ya pale.

Mashine ndogo ilikwaruza, ikalia, ikaanza kuzunguka ikiwa haina unga ndani.

Mchoro ulipelekwa. Msimamizi aliitwa ofisini, na baada ya hapo kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine, lakini ripoti ya Madaftari alikuwa ameitia sahihi kabla ya kwenda. Barua ya kusahihisha yale maelezo ya zamani iliahidiwa. Nyumbani walikuwa hawajaipata bado. Majina ya swichi aliyaandika Madaftari mwenyewe, kwa rangi nyeusi. Hata hivyo kila akirudi kutoka chuoni hupanda ngazi kwanza, anayapapasa mabomba kutoka mwanzo hadi mwisho, na wa oveni wanamcheka: "Madaftari anasalimia wakwe!"

Kufuli lipo juu ya meza ya cherehani, wazi, mama hulitumia kukandamizia vitambaa. Hajawahi kulifunga. Na kuna jambo jingine, ambalo binti alichelewa kulitambua. Mama hahamishi kitu. Kitanda cha marehemu kipo palepale, sanduku lipo palepale, ndoano ya kutundikia koti ipo palepale mlangoni. Msimu wa mvua bati linavuja juu kabisa ya cherehani, na kuisogeza meza kando ni kazi ya kupepesa macho.

"Mama, tuisogeze basi hii meza."

"Iache," mama husema, akitega bakuli chini ya tone, kisha anainama kushona kwa pembeni, bega moja limelowa. "Mtu akirudi, akute anavyokumbuka."